Jeep ya zamani ijaribiwe mlimani, ikiwa baridi

Maji ya Ziwa Kivu hutoka Bukavu kwa Mto Ruzizi yakiwa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Yakifika Ziwa Tanganyika yamekwisha kushuka hadi mita 770 hivi. Sehemu kubwa ya poromoko hilo imo katika kilomita za mwanzo, kwenye mabonde yanayopita Mumosho, wilayani Kabare. Ndiyo maana mtambo wa Ruzizi II, unaogawa umeme kati ya Kongo, Rwanda na Burundi tangu mwaka 1989, ulijengwa huko. Lakini mteremko huohuo unaozungusha mitambo ndio unaochemsha injini. Gari linaloshuka Nyangezi na Ngomo hadi Kamanyola litalazimika kupanda kurudi, tena likiwa na abiria na magunia. Wenye gari wasiloliamini huona afadhali wavuke mpaka, wapite lami ya Rwanda kutoka Kamembe hadi Bugarama, kisha warudi Kongo kwa mlango wa pili.

Katika vilima hivi jeep si pambo. Inabeba mjamzito usiku kwenda hospitali ya Panzi, inapeleka saruji kwenye shule inayojengwa, inamfikisha mchuuzi Walungu siku ya soko hata kama mvua imekesha. Na karibu kila jeep ni ya mtumba. Familia huungana, wanachama wa likelemba, yaani upatu, hupisha zamu ili mmoja wao apate fedha zote kwa mkupuo, parokia huchangisha. Fedha ya namna hiyo haipatikani mara mbili, na inauma kuiona ikiishia kwenye rejeta iliyopasuka kabla hata vibao vya namba havijafika.

Wanunuzi wengi huuliza mwaka wa gari, kilomita lilizotembea na rangi. Kati ya matatu hayo hakuna linaloeleza jambo kubwa: je, injini hii iliwahi kuchemka? Dizeli za zamani za Toyota, Mitsubishi na Nissan zinazojaa Bukavu haziuawi na umri. Zinauawa na joto, na mara nyingi joto hilo lilizipata mikononi mwa mtu aliyekuwa na haraka ya kufika.

Mazingira yenyewe yanachangia. Kwenye kimo cha Bukavu hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani, hivyo injini isiyo na turbo hukosa pumzi, dereva hukanyaga zaidi, na moshi mweusi hufuata. Tena maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni shinikizo, na shinikizo hilo hulindwa na kifuniko chenye mpira na springi. Kifuniko kilichochoka, ambacho Dar es Salaam kingeweza kumvumilia mwenye gari miezi kadhaa, Ngomo humwaibisha siku hiyohiyo. Ni spea ndogo tu chini ya boneti, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Ziko injini zinazostahimili joto na ziko zisizolistahimili, na tofauti hiyo ina thamani kuliko ngozi ya viti. 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita na isiyo na turbo, iliyotoka mwaka 1990 na kuwekwa kwenye Land Cruiser, imejijengea jina Afrika nzima kwa sababu haiombi mengi: maji masafi, oili kwa wakati, mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000. Hailalamiki, ila ni nzito kupanda na inakunywa. Ndugu zake wadogo 3L na 5L, zilizofungwa kwenye Hilux na Hiace, ni za tabia hiyohiyo. Upande wa pili ipo 1KZ-TE ya lita tatu yenye turbo, iliyovaliwa na Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990. Ina nguvu, inapanda vizuri, na watu wanaipenda. Silinda hedi yake, ambayo gereji za Bukavu zinaiita kwa Kifaransa culasse, ni ya alumini juu ya bloku ya chuma. Ikichemka mara moja tu inaweza kupata ufa, kwa kawaida kati ya vali. Kabla yake 2L-T na 2L-TE zilikuwa na sifa hiyohiyo mbaya.

Halafu kuna zile za kisasa zaidi, D-4D, hasa 1KD-FTV iliyoanza mwaka 2000. Zinabana mafuta, zimetulia, na kwenye lami hazina mfano. Lakini nozeli zake hupuliza dizeli kwa shinikizo linalozidi mara elfu ya lile la hewa tunayoivuta, na tundu zake ni nyembamba mno. Zinataka mafuta safi. Huku vijijini mafuta yananunuliwa kwa kadhafi, wachuuzi wa mafuta wenye madumu na chupa kando ya barabara, na tone la maji ndani yake linatosha kuanza kula nozeli. Ugonjwa wake mwingine ni washa za shaba chini ya nozeli: zikivuja, gesi ya mwako huingia kwenye oili, oili hugeuka kuwa masizi mazito, masizi huziba chujio lililo ndani ya sampu, na injini hukosa oili huku kijiti kikionyesha imejaa. Kwa mtu wa Mumosho mwenye bajeti ya gari moja tu maishani, injini kongwe ya pampu ya kawaida bado ni chaguo la busara kuliko hii mpya, hata kama majirani watamcheka kwa kuachwa mlimani.

Hapa ndipo sheria za umri wa magari zinapopungukiwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 imeweka kikomo cha miaka 15. Sababu zake ni nzito: UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilieleza mwaka 2020 kwamba magari madogo ya mitumba milioni 14 yalisafirishwa duniani kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 hivi yalikuja Afrika, mengi yakiwa hayana viwango vya usalama wala vya moshi. Hata hivyo kalenda haioni ufa. Prado ya miaka 7 iliyochemshwa mara mbili itapita mpakani, na Land Cruiser ya miaka 25 iliyotunzwa na shirika lenye karakana yake itakataliwa. Kinachohitajika ni ukaguzi wa hali ya gari, na kwa kuwa huku hakuna anayeufanya kwa niaba ya mnunuzi, inambidi aufanye mwenyewe.

Aanze kwa kufika bila kutarajiwa, au mapema kuliko saa waliyoagana. Kabla ya salamu kuisha aweke kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha, na huenda ana sababu: dizeli iliyochoka huwaka kwa shida asubuhi, na baridi ya Kivu haifichi siri. Arudi kesho. Ikiwa baridi, afungue rejeta atazame ndani. Maji ya rangi ya kutu yanasema kwamba miaka yote gari lilinyweshwa maji ya mtoni badala ya kulanti. Utelezi wa mafuta juu ya maji, au ute mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, unatosha kumwondoa bila kujadili bei.

Kisha gari liwashwe huku kifuniko cha rejeta kikiwa wazi. Viputo vichache vya mwanzo ni vya kawaida. Vikiendelea kupanda bila kukoma, gesi ya mwako inapenya kwenye maji: ni gasketi, au ni ufa wenyewe. Baada ya dakika mbili tatu kifuniko kikiwa kimefungwa tena, aliminye bomba la juu la rejeta. Kama limekuwa gumu kama jiwe wakati injini bado haijapata joto, jibu ni lilelile. Moshi nao usomwe. Mweupe unaokwisha injini ikishapata moto ni plagi za joto au nozeli; mweupe usiokwisha, wenye harufu tamu, ni maji yanayoungua. Wa bluu ni oili. Mwisho afungue mdomo wa oili injini ikiunguruma: ikipuliza kwa nguvu na kurusha kifuniko, ringi zimekwisha.

Mafundi wa mauzo wanazijua dalili hizi, na wana majibu yao. Injini huoshwa ing'ae ili uvujaji usionekane. Oili nzito kupita kiasi hutiwa ili kelele ya beringi inyamaze kwa wiki. Themostati hung'olewa na kutupwa ili gari lililokuwa likichemka lisichemke siku ya kujaribiwa. Tabia hiyo imezoeleka gerejini hadi inaitwa tiba, ilhali inaiacha injini ikifanya kazi baridi, ikila mafuta na kusagika. Taa ya mkanda wa taimingi, ile inayowaka kwenye dashibodi ya dizeli za Toyota kilomita 100,000 zikitimia, huzimwa kwa kubonyeza kitufe au kuhamisha skrubu, bila mkanda kuguswa. Kwenye 1HZ na 1KZ mkanda ukikatika vali hugongana na pistoni. Asiye na ushahidi wa lini ulibadilishwa ahesabu gharama ya mkanda mpya ndani ya bei, na aufunge kabla ya safari ya kwanza.

Kilomita za dashibodi zisimshughulishe sana. Zinarudishwa nyuma kwa urahisi kuliko kubadili tairi.

Jaribio lenyewe ni mlima. Mzunguko wa tambarare karibu na soko hauonyeshi kitu. Gari lipakiwe watu, lipandishwe kutoka bonde la Ruzizi kuelekea mjini kwa gia ya pili, kwa nusu saa, mnunuzi akitazama geji ya joto na fundi wake akisikiliza. Fundi huyo alipwe na mnunuzi mwenyewe. Fundi aliyeletwa na kamisioneri, yaani dalali, hata akiwa mwaminifu, anakula kwa gari kuuzwa. Muuzaji anayekataa mlima amekwisha kujibu.

Zinabaki karatasi. Injini nyingi huku zimekwisha kubadilishwa, na karte rose, kadi ya usajili wa gari, inaweza kutaja 1KZ wakati chini ya boneti imekaa 5L. Huenda ni badiliko la heri, lakini namba ya injini na ya chesisi zilinganishwe na karatasi mbele ya mashahidi, maana polisi wa kizuizi cha kwanza watafanya hivyo. Mkataba wa mauziano, ambao mara nyingi ni mistari mitatu na sahihi, uandike namba zote mbili, utaje kwamba silinda hedi haijawahi kuchomelewa, na uache sehemu ya malipo mikononi mwa mtu wa tatu wanayemwamini wote wawili hadi gari limalize mwezi mmoja. Machifu wa Mumosho na viongozi wa mitaa ya Bukavu husimamia mikataba ya mashamba kwa utaratibu huohuo wa mashahidi, na wangeweza kuidai hata kwa magari. Wauzaji wenye gari zima hawana cha kupoteza kwa kusubiri siku 30.