Mchumba Mchoraji? Usimkimbie Bado

Jamani, shosti yangu mmoja ana mtihani. Mchumba wake ni mchoraji. Wazee wakiuliza kijana anafanya kazi gani, akijibu "anachora", wanakaa kimya wakisubiri aitaje hiyo kazi yenyewe! Sasa anataka kumpa mwenzake chaguo: brashi au yeye.

Mimi nasema subiri kwanza. Mchoraji chipukizi mara nyingi hakwami kwa kukosa kipaji. Rangi na kanvasi ni pesa. Chumba anacholala ndicho anachochorea. Mchana kutwa anahangaikia kodi, usiku akishika brashi yuko hoi. Na hamjui mtu wa kumwingiza kwenye maonyesho.

Ufadhili wa wasanii unaziba mapengo hayo hayo. Chukua Studio Museum in Harlem, kule New York, iliyofunguliwa 1968. Kwa kawaida huchagua wasanii 3 kwa mwaka, hasa wenye asili ya Afrika, ikawapa studio, posho na karibu mwaka mzima wa kufanya kazi zao, kisha zikaonyeshwa. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alipitia hapo 2003 hadi 2004. Mwaka 2019 sanamu zake 4 zilisimama mbele ya Metropolitan Museum of Art, jiji hilo hilo. Hesabu miaka hapo, shosti. Posho ya mwaka mmoja haimalizi safari, inampa mtu nafasi ya kuianza vizuri.

Na siyo lazima apande ndege. Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space, Mikocheni, tangu 2008, ambako wasanii hupata studio na mafunzo.

Kwa hiyo kabla hujamkimbia, muulize maswali 3. Picha safi za kazi zako ziko wapi zikihitajika kesho? Mwaka huu umeomba wapi? Posho ikiisha, mpango ni upi? Akiwa na majibu, kaeni chini mpange muda na bajeti. Akiishia kulaumu dunia tu, basi tatizo siyo brashi.

Na wewe dada unayechora mwenyewe, ukipata nafasi ya miezi kadhaa mbali na nyumbani, usiikatae kimya kimya. Muulize mzee: atakaa na watoto miezi mingapi? Jibu lake litakuambia mengi kuliko maua ya Valentine.