Mlo Uwe na Saa Yake



Mara nyingi mama huwalisha watoto mapema, kisha yeye hukaa na njaa akimngoja mzee hadi saa nne usiku. Wakishakula, wanalala. Asubuhi mama huamka na tumbo zito, hata chai haitaki. Sisi wauguzi tunaijua hali hiyo, maana zamu ya usiku hutulazimu kula saa nane za usiku.

Mungu aliyetenga mchana na usiku ameweka saa katika miili yetu. Kwa saa hiyo usingizi, njaa na joto la mwili hupanda na kushuka. Ubongo hauitunzi peke yake. Utumboni mwetu mna vijidudu visivyohesabika, vingi vyake rafiki, navyo hufuata nyakati za milo yetu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachunguza panya waliokuzwa bila vijidudu tumboni, wakakuta saa ya ini lao imevurugika. Mwaka 2014 watafiti wa Israel waliwachunguza panya wenye saa ya mwili iliyoharibika. Vijidudu vyao navyo vilikuwa vimepoteza mpangilio. Walipolishwa kwa saa maalumu, mpangilio ukarudi.

Hata kwa jirani zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa vijidudu vya tumboni hubadilika kiangazi na masika, kadiri chakula cha porini kinavyobadilika. Vijidudu hivi husikiliza sana sahani zetu.

Basi tufanye nini? Familia ile kabla ya saa mbili usiku. Baba akichelewa, mama ale na watoto, amfunikie chakula chake, kisha aketi naye kwa mazungumzo. Heshima ya mume haipungui kwa hilo. Tuzungumze naye mapema kwa upole. Tusiudharau ugali wa uwele au mtama, mlenda, kunde na ubuyu, kwa kuwa nyuzinyuzi zake ndizo chakula cha vijidudu hivyo. Mwenye kisukari anayetumia dawa asibadili saa za kula kabla ya kuuliza kliniki.

Akina mama, kumtunza mama wa nyumba ni kuitunza nyumba nzima. Bwana awabariki hadi mwezi ujao.