Muhuri Haukuwa Wake

Wasimulie watu habari za mfalme mzee ambaye hazina yake imekauka, vita vimemshinda na mabwana wakubwa wanakula njama. Kabla hujamaliza, mmoja atakuuliza: mwanamke alikuwa nani? Ndivyo tulivyozoea. Ufalme ukioza, tunapekua kitanda kabla ya kupekua daftari. Imani hiyo ina raha yake, kwa kuwa hutupa mkosaji mmoja mwenye sura, na mfalme akabaki bwana mwema aliyepotoshwa. Mimi nauita uvivu wa kufikiri, na deni la uvivu huo alilipishwa Alice Perrers.

Alice alikuwa kimada wa Edward wa Tatu wa Uingereza. Alikuwa mtumishi wa Malkia Philippa, na mapenzi yake na mfalme yalianza malkia akiwa hai. Philippa alipofariki mwaka 1369, Alice akabaki kando ya mzee aliyekuwa akidhoofika siku hadi siku. Alipewa milki ya Wendover, na mwaka 1373 akapewa hata baadhi ya vito vya malkia marehemu. Mwaka 1375 alipita katika mitaa ya London kwenda kwenye mashindano ya wapanda farasi ya Smithfield, amepambwa kama Bibi wa Jua. London nzima ilimwona, na wengi hawakumsamehe.

Haya, tufungue daftari. Vita na Ufaransa vilianza mwaka 1337, na kufikia 1375 Waingereza walikuwa wamepoteza karibu ardhi yote waliyoipata kwa mkataba wa 1360. Tauni iliyoingia mwaka 1348 ilikuwa imerudi tena na tena, ikafagia wakulima na walipakodi. Je, Alice aliongoza jeshi lipi? Alileta panya gani melini?

Lakini Bunge la mwaka 1376, lililokuja kuitwa Bunge Jema, lilihitaji watu wa kubebeshwa mzigo. Mfalme hakushtakika. Wakashtakiwa William Latimer, mkuu wa nyumba ya mfalme, na mfanyabiashara Richard Lyons, kwa kujinufaisha na mikopo ya serikali. Kwa Alice ilitungwa amri: mwanamke yeyote asiingilie kesi za watu katika mahakama za mfalme, na yeye akatajwa kwa jina. Akikaidi, angenyang'anywa mali na kufukuzwa nchini. Wanaume waliouza ushawishi mahakamani walikuwa tele, ila amri iliwafuata wanawake. Latimer alisamehewa mwaka uleule.

Sisemi Alice alikuwa malaika. Alijua thamani ya kuwa karibu na sikio la mfalme, akaitumia. Lakini kila mwenye nafasi katika jumba lile alifanya hivyo, na kwa wengine ikaitwa utumishi.

Edward alifariki Juni 21, 1377. Kabla ya mwaka kwisha, Alice alikuwa mbele ya Bunge la mfalme mpya, Richard wa Pili, kwa mashtaka mawili: kwamba alimwombea Lyons msamaha, na kwamba alizuia mjumbe asitumwe Ireland kumchunguza William Windsor, aliyekuwa akitawala huko kwa niaba ya mfalme. Yapimeni mashtaka hayo. Aliomba, mfalme akakubali. Msamaha ulitolewa kwa muhuri wa mfalme, safari ikafutwa kwa neno la mfalme, na aliyehukumiwa ni mwombaji.

Tena tumwangalie shahidi tunayemtegemea zaidi. Hadithi kwamba Alice alimvua mfalme pete vidoleni akiwa katika kukata roho inatoka kwa Thomas Walsingham, mtawa wa abasia ya St Albans. Ni yeye pia anayesema kwamba Alice hakuwa mzuri wa sura, kwa hiyo lazima mfalme alirogwa. Wanaoirudia hadithi hiyo husahau kutaja kwamba abasia ile ilikuwa na ugomvi wa ardhi na Alice, juu ya milki ya Oxhey. Nani kati yetu angekubali wasifu wake uandikwe na jirani anayegombania naye mpaka wa shamba?

Hata utajiri wake tumeusoma vibaya. Alikusanya milki zaidi ya 50, na sehemu kubwa haikuwa zawadi ya mfalme. Alizipata kwa hesabu zake na kwa mawakala wake. Alijua kwamba usalama wake ulining'inia kwenye pumzi ya mzee mmoja, akajijengea ukuta wa ardhi.

Ukuta huo ulibomolewa na ndoa halali. Alice alikuwa ameolewa kwa siri na yuleyule Windsor, na kwa sheria ya wakati ule ardhi ya mke ilikuwa mkononi mwa mume. Hukumu yake ilipofutwa mwaka 1379, ardhi haikumrudia aliyeitafuta. Mwaka 1380 ilipewa Windsor. Windsor alipokufa mwaka 1384, mpwa wake John akaishikilia. Wale wanaohubiri kwamba kimada huangamia kwa sababu hakuolewa, hapa wana la kujibu.

Alice alihangaika mahakamani miaka yake yote iliyobaki. Katika wosia wake wa mwaka 1400 aliwaachia mabinti zake, Joan na Jane, haki katika milki ambazo alisema John Windsor amezipora, akaapa kwa roho yake kwamba bwana yule hakuwahi kuwa na haki nazo. Kwa maneno mengine, aliwarithisha kesi. Mtu aliyeutawala ufalme haachi wosia wa namna hiyo.