RELI YA PWANI NI HAKI YETU

Ndugu, mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kwenda Dar es Salaam hadi Dodoma. Twaifurahia. Lakini mkulima wa Mahege, hapa Kibiti, hajasikia hata honi yake. Korosho zake zategemea barabara. Mei 2024 mvua ziliikata barabara hiyo Somanga, ndugu zetu wa Lindi na Mtwara wakatengwa.

Waingereza walijenga reli ya Nachingwea kwa ajili ya karanga zao. Karanga zikashindwa, mwaka 1962 reli ikafungwa. Sisi twataka reli ya wananchi, kutoka Dar es Salaam kupitia Kibiti hadi Mtwara, yenye stesheni za kupakia korosho na nazi, si ya kutupita tu. Matawi yote yalisemee jambo hili mikutanoni.