Greg Ahukumiwa, Abunuwasi Asifiwa

Orodha ya vitabu 16 vilivyopigwa marufuku shuleni mnamo Februari 2023 na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, chini ya Waziri Profesa Adolf Mkenda, ambaye pia alikuwa mbunge wa Rombo, ilitia katika kapu moja vitabu vya elimu ya jinsia na mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Mmarekani Jeff Kinney, yaani shajara ya kubuni na ya kuchekesha ya mvulana aitwaye Greg Heffley. Kwa upande wa shajara hiyo, uamuzi haukuwa na msingi.

Serikali ina mamlaka ya kuchuja vitabu vya shule, na wazazi wanaohofia mmomonyoko wa maadili wana haki ya kusikilizwa. Hayo hayabishaniwi, ila hayaelezi kosa la Greg ni lipi.

Katika kitabu cha kwanza, kilichochapishwa mwaka 2007, Greg anawatisha watoto wa chekechea kwa mnyoo aliouning'iniza kwenye kijiti, kisha anamwacha rafiki yake Rowley abebe lawama, na ukweli unapojulikana anavuliwa jukumu lake la kuwasindikiza wadogo huku Rowley akipandishwa cheo. Anayesimulia ni Greg mwenyewe, akijitetea kila ukurasa, na ucheshi wote unatokana na msomaji kung'amua kwamba utetezi huo ni wa uongo, mbinu ambayo wahakiki huiita usimulizi usioaminika. Mtoto anayecheka hapo amekwisha kumhukumu Greg bila kuhubiriwa.

Abunuwasi wa ngano zetu, kwa upande wake, anaazima sufuria, anairudisha pamoja na nyingine ndogo akidai imezaa, anaiazima tena, kisha anatangaza kwamba imekufa, na mali ya mwenzake inabaki mikononi mwake; wala haadhibiwi, anasifiwa kwa werevu. Sungura naye amemlaghai Fisi vizazi na vizazi, na watoto wa Machame, Marangu na Kibosho, huko Kilimanjaro, hawajawa matapeli kwa kumsikiliza. Ikiwa kipimo ni mhusika kutenda uovu, Abunuwasi angeongoza orodha. Ikiwa kipimo ni jinsi uovu unavyomwishia, Greg anamshinda kwa mbali. Wizara ichague kipimo kimoja, kwa kuwa kuvishika vyote viwili ni dhihaka.

Wanaoumia ni watoto wanaokwepa kusoma, ambao sentensi fupi, michoro ya katuni na kurasa zenye mistari kama daftari huwavuta pale ambapo kitabu kilichojaa maandishi huwafukuza. Mjini Moshi marufuku hii inagusa hasa shule za mchepuo wa Kiingereza, maana shule nyingi za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili, na rafu za shule hizo za Kiswahili nazo zinahitaji vichekesho zaidi, si pungufu. Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, ya mwaka 2008, inathibitisha kwamba safari ya mtoto yenye visa huandikika kwa Kiswahili, lakini riwaya moja haijazi rafu.

Mzazi wa Rombo aliyetakiwa na Wizara kukagua begi la mwanawe anastahili kuambiwa ni ukurasa upi wenye kosa. Wizara iutaje kwa maandishi, na ikishindwa, ivitoe vitabu vya Kinney katika orodha.