Kigari cha rimoti bila kufunika taka ni kazi bure
Hapa kwetu Kisauni tumeshajaribu. Kunguru wakishuka uani kunyakua vifaranga, mwanangu huwafukuza kwa kigari chake cha rimoti. Siku tatu za mwanzo walitimka; ya nne walitua ukutani wakikitazama tu. Kunguru wa Kihindi ana akili, hugundua upesi kitu kisichomdhuru.

Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Naunga mkono, maana wanamaliza mayai na makinda ya ndege wetu wa asili. Lakini majaa yakibaki wazi, watapata chakula na kuzaliana tena. Majirani, tufunike mapipa, vifaranga tuwafunikie tenga. Kigari kisaidie tu, kisiwe ndiyo kinga yenyewe.