Sikio la Sungura Lanitia Wivu

Leo naanika siri ya sikio langu la kushoto. Mama alishanionya kuhusu mihereni mikubwa kwenye daladala, sikusikia ndewe wala sikio. Kibaka akapitisha mkono dirishani, akakwapua hereni pamoja na nyama. Kidonda kikapona, lakini ndewe ikabaki vipande viwili. Tangu hapo mimi ni mtu wa kuachia nywele upande mmoja.

Juzi binamu yangu anayefuga sungura akaniletea umbea mpya. Eti sungura akitobolewa sikio, tundu linajiziba lenyewe, ngozi na gegedu vinaota upya. Panya je? Wapi! Tundu linabaki palepale, kama mimi.

Nikadhani ananifanya bwege. Kufuatilia, kumbe kweli! Mwaka 2025 wanasayansi wa China waliitoboa siri hiyo katika jarida la Science. Jeni ni maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili. Hayafanyi kazi yote kwa mpigo. Mengine yanawashwa, mengine yanazimwa, kama taa za nyumbani. Jeni iitwayo Aldh1a2 sungura anayo, panya naye anayo. Sungura akiumia, swichi inaiwasha barabara. Ya panya haiwaki vya kutosha, maana swichi zake zilikufa tangu enzi za mababu zake. Jamaa wakampachika panya swichi ya sungura. Basi bwana, sikio likaanza kuota!

Kazi ya jeni hiyo ni kumalizia kuigeuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki. Panya waliopewa asidi hiyo, masikio yaliota. Waliopewa retino, yaani vitamini A ambayo haijageuzwa, hawakuambulia kitu.

Kwa hiyo dada zangu mnaotaka kukimbilia vidonge vya vitamini A, tulieni. Ikizidi ni sumu, na mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Sisi binadamu bado hatuna dawa ya kuwasha swichi hiyo. Mimi nimechoka kujificha kwenye nywele. Jumatatu nakwenda kwa daktari anishone. Hereni? Nitavaa, ila ndogo, na kwenye daladala naziweka kwenye pochi. Mama, safari hii nimesikia!

Tuonane wiki ijayo.